Nuru ya Kupigia Picha Vijahazi: Mwongozo kwa Mafundi wa Pemba

Mfano wa jahazi wenye urefu wa sentimita 30, uliochongwa na kupakwa rangi kwa mkono, siku hizi huonekana kwenye simu kabla haujashikwa na mnunuzi. Mwenye duka wa Mji Mkongwe huomba picha kabla ya kuagiza. Jamaa walioko Maskati huomba picha kabla ya kutuma fedha. Na picha inayowafikia mara nyingi ina doa jeupe linalowaka ubavuni, tanga lililopauka hadi halionyeshi uzi hata mmoja, na rangi nyekundu iliyogeuka kahawia. Kazi ni nzuri, nuru ndiyo mbovu.

Dukani utauziwa taa kwa kigezo cha ukali: wati hizi zinamulika chumba kizima, zile zinamulika ua. Kwa anayepiga picha ya kitu kidogo kilichotulia juu ya meza, ukali ndio jambo la mwisho kuulizia. Jahazi la mfano halikimbii. Ukiituliza simu, nuru hafifu inatosha. Mambo mawili ndiyo yanayoamua picha: ukubwa wa chanzo cha nuru ukilinganisha na kitu chenyewe, na uaminifu wa nuru hiyo kwa rangi. La kwanza Pemba hupatikana bure. La pili linaweza kukugharimu kidogo, ikiwa unafanya kazi usiku.

Hatua ya 1: Kagua uso wa kazi yako

Kabla ya kugusa taa yoyote, washa tochi ya simu kwenye chumba chenye giza kidogo, uipitishe taratibu kutoka omo hadi tezi. Utaona kwamba kijahazi kimoja kina nyuso nne au tano zisizofanana. Ubavu uliopakwa rangi ya mafuta au vanishi unarudisha mwanga wa tochi kama ulivyo, ukawa kijidoa kikali kinachokufuata unapotembea. Sehemu ya chini iliyopakwa nyeupe kuiga deheni inatawanya mwanga, haina doa. Tanga la kitambaa linapitisha mwanga hadi upande wa pili. Kamba zinaonekana tu pale mwanga unapozipiga kutoka ubavuni. Mbao isiyopakwa kitu, sitahani au mlingotini, iko katikati ya hayo yote.

Uso unaong'aa ndio utakaoamua taa. Sehemu nyingine zote ni rahisi, na nuru itakayoifaa rangi ya mafuta itazifaa na hizo. Fundi anayetumia rangi ya maji isiyong'aa ana nusu ya taabu, na kama bado hujachagua umaliziaji wa kazi yako, lifikirie hilo. Binafsi napenda ng'aro ya rangi ya mafuta kwenye jahazi, maana ndiyo inayofanana na chombo kilichotoka kupakwa pwani, lakini ina gharama yake mbele ya kamera.

Ukitengeneza mfano wa mtepe, kile chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba za kumbi badala ya kupigiliwa misumari, na ambacho Wabajuni wa visiwa vya Lamu ndio waliokuwa mabingwa wake, basi uso wako mkuu si rangi bali mshono. Hapo nuru itatoka pengine, nami nitalieleza katika hatua ya nne.

Hatua ya 2: Tafuta dirisha lako, ulijue kwa majira

Vitabu vingi vya picha vilivyoandikwa Ulaya humwambia msomaji atafute dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa jua haliingii humo. Ushauri huo ni sahihi London. Pemba unapotosha. Kisiwa chetu kiko nyuzi tano hivi kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita pande zote mbili kwa zamu. Kuanzia wiki ya pili ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba liko kaskazini yetu. Kuanzia hapo hadi mapema Machi liko kusini. Katika siku mbili za makutano, moja ya Machi na moja ya Oktoba, hupita utosini kabisa, na mlingoti uliosimama wima unakosa kivuli.

Maana yake kwa fundi ni hii. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, kaa kwenye dirisha la kusini. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, hamia dirisha la kaskazini. Yaani dirisha na upepo ni vya upande mmoja, na kwa hilo huna haja ya kukariri kalenda: dirisha linaloingiza upepo wa msimu ndilo lisiloingiza jua la mchana. Upepo huohuo utakupeperushia tanga, lakini hilo lina dawa ya vibanio vya nguo.

Kama nyumba ina madirisha ya mashariki na magharibi tu, tumia la magharibi asubuhi na la mashariki alasiri. Saa zinazofaa ni kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa nne na nusu, kisha saa tisa hadi saa kumi na moja jioni. Saa sita mchana mwanga huanguka kutoka juu moja kwa moja, tanga linatia giza sitaha yote, na hata barazani unapata kivuli kizito chini ya mkuku.

Baraza yenyewe ni mahali pazuri kuliko chumba, kwa sharti moja: tazama kilicho mbele yake. Baraza inayoelekea ukuta uliopakwa chokaa hupokea nuru nyeupe, pana, ya kupendeza. Baraza inayoelekea shamba la mikarafuu au mwembe mkubwa hupokea nuru ya kijani, kwa sababu majani yanarudisha kijani, na Pemba majani hayana uhaba. Inayoelekea uwanja wa udongo mwekundu inapokea wekundu kutoka chini, na sehemu nyeupe ya chini ya jahazi ndiyo itakayoudaka kwanza. Macho yako hayataliona hilo maana akili huzoea rangi ya mahali. Simu italiona. Weka karatasi nyeupe pale utakapoweka jahazi, ipige picha, kisha iangalie ukiwa umehamia mahali pengine. Ikionekana ya kijani au waridi, hama.

Kivuli cha wazi, ile nuru ya mbingu ya buluu bila jua, nacho kina rangi: ni cha buluu kuliko jua lenyewe. Hiki si kibaya, kwa kuwa ni rangi moja iliyosambaa sawasawa na simu inaweza kuirekebisha. Kijani cha upande mmoja na buluu ya upande wa pili ndicho kisichorekebishika.

Masika yana sifa na lawama. Mbingu iliyotanda mawingu ni taa kubwa kuliko yoyote utakayoinunua, na siku ya mawingu meupe unaweza kupiga picha saa sita mchana bila hofu. Ila mvua ya Aprili haitoi taarifa, na rangi ambayo haijakauka vizuri hushika unyevu na mavumbi yanayoonekana kwenye picha kuliko kwa macho.

Hatua ya 3: Ikuze nuru kwa melimeli

Chanzo kidogo cha mwanga hutoa kivuli chenye ukingo mkali na doa dogo linalochoma. Chanzo kikubwa hutoa kivuli laini na mng'ao mpana, mpole, unaoonyesha mzunguko wa ubavu badala ya kuufuta. Jua lenyewe ni kubwa mno, lakini liko mbali mno, kwa hiyo kwetu huku ni chanzo kidogo. Dirisha la mita moja lililo mita moja kutoka kwenye meza ni chanzo kikubwa kwa kijahazi cha sentimita 30. Isogeze meza hadi mita tatu ndani ya chumba, na dirisha lilelile limekuwa dogo, kivuli kimekaza, mng'ao umebana.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya ulaini ni ukaribu. Ya pili ni kitambaa. Nunua mita mbili za melimeli nyeupe, ile nyembamba kabisa, uitundike dirishani au uiwambe kwenye fremu ya mbao. Kitambaa chote hugeuka kuwa chanzo cha nuru. Kisogeze karibu na jahazi kadiri kisivyoingia ndani ya picha. Shuka jeupe la pamba linafaa likiwa jepesi. Marekani isiyopaushwa usiitumie: umanjano wake unaingia kwenye rangi zako zote. Kanga yenye maua ndiyo kabisa usiithubutu.

Karatasi nyeupe ya kuokea mikate nayo inafaa kwa vitu vidogo zaidi, na wengi hukata madirisha mawili kwenye boksi la katoni, wakayaziba kwa karatasi hiyo, wakaweka kitu ndani. Kiboksi hicho kinauzwa tayari mitandaoni kikiwa na taa zake. Kwa pete na saa kinafaa. Kwa jahazi sikipendi. Nuru ikitoka pande zote kwa nguvu moja, ubavu hauna upande wa mwanga na upande wa kivuli, na chombo kilichochongwa kwa wiki nzima kinaonekana kama kimekatwa kwenye gazeti. Acha upande mmoja uwe na giza kidogo.

Hatua ya 4: Ichezee pembe mpaka mng'ao utii

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu.

Mwanga ukigonga uso unaong'aa hurudi kwa pembe ileile uliyoingilia, kama mpira wa meza unavyoruka. Kamera ikiwa kwenye njia ya marudio hayo, utaona mng'ao. Ikiwa nje ya njia, utaona rangi. Basi huna haja ya kupigana na taa. Sogeza taa, sogeza jahazi, au sogeza simu, kimoja kwa wakati, huku ukitazama kioo cha simu na si jahazi lenyewe, kwa maana jicho lako haliko mahali pa lenzi.

Anza hivi. Weka jahazi juu ya meza, omo ikielekea kushoto, ubavu mmoja ukitazama simu. Nuru itoke kushoto, juu kidogo ya mlingoti, ikitangulia mbele ya jahazi, yaani kati ya omo na simu. Tazama ubavu. Kwa kuwa ubavu umepinda, daima kutakuwa na mahali pamoja panaporudisha taa kwenye lenzi. Usijaribu kupaondoa kabisa. Mng'ao mwembamba unaotembea kutoka omo hadi katikati ndio unaomwambia mnunuzi kwamba rangi imepigwa msasa na kupakwa vizuri. Kazi yako ni kuugeuza kutoka doa kuwa mstari laini, na hilo hufanywa kwa kukisogeza kitambaa karibu zaidi, si kwa kupunguza mwanga.

Jicho lililochorwa omoni na jina lililoandikwa ubavuni visikae ndani ya mng'ao huo. Kama unaangukia juu ya jina, zungusha jahazi kidogo tu, kiasi cha unene wa kidole kwenye tezi, utaona mng'ao umehama kabisa. Uso uliopinda unahamisha mng'ao mbali kwa mzunguko mdogo.

Tanga nalo lina lake. Nuru ikilipiga kutoka mbele linakuwa karatasi tupu. Ikitoka nyuma kidogo, ikapita ndani ya kitambaa, nyuzi na mishono hujitokeza. Ukiwa na dirisha moja tu, geuza jahazi ili tanga liwe kati ya dirisha na simu kwa mshazari, halafu ubavu uumulike kwa karatasi nyeupe kama nitakavyoeleza. Mafundi wachache hufanya hivi, na kwenye orodha ya picha za duka kijahazi chenye tanga lenye nuru ndani yake huonekana mbali.

Kwa mtepe, au kwa ngalawa unayotaka ionyeshe kamba zilizofunga mirengu na matengo, shusha chanzo cha nuru kiwe karibu sawa na meza, kikiambaa ubavu badala ya kuutazama. Kila kamba itatupa kivuli kidogo na kila tundu litaonekana. Nuru hiyohiyo itaonyesha pia kila kosa la msasa, kwa hiyo kazi iwe imekamilika kwanza.

Picha ndogo za Tingatinga ni mtihani tofauti, na nazitaja kwa sababu mafundi wengi wa visiwani huchonga na kuchora kwa pamoja. Mtindo huo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwaka 1968, miaka minne kabla ya kifo chake, ulijengwa juu ya rangi za mafuta zinazong'aa juu ya mbao nyembamba, na uso wake tambarare hurudisha taa kama kioo. Hapa kupinda hakukusaidii. Simu itazame picha uso kwa uso, na nuru itoke pembeni kwa nyuzi 45 au chini zaidi, kutoka pande mbili zilizo sawa, au kutoka dirisha moja huku upande wa pili ukiwa na ubao mweupe. Vaa nguo nyeusi. Shati jeupe la mpiga picha huonekana ndani ya rangi nyeusi ya mchoro, na watu hutafuta kosa kwenye taa siku nzima.

Kuna pia kioo maalumu kinachofungwa mbele ya lenzi na kupunguza mng'ao wa rangi na vanishi. Miwani ya jua ya aina ya polaroidi hufanya kazi ileile: ishike mbele ya lenzi, uizungushe polepole, utaona mng'ao ukififia na kurudi. Husaidia zaidi mwanga unaporudi kwa mshazari. Haisaidii kitu kwenye metali tupu, kwa mfano msumari wa shaba usiopakwa rangi, na hupunguza mwanga kwa nusu au zaidi, kwa hiyo simu iwe imetulia.

Hatua ya 5: Karatasi nyeupe upande wa pili

Upande wa pili wa dirisha, simamisha kipande cha manila nyeupe. Kinarudisha nuru kwenye kivuli. Kikiwa karibu, kivuli kinapungua. Kikiwa mbali, kinarudi. Foili ya jikoni inarudisha kwa ukali na huacha vidoa vingine kwenye rangi ya mafuta, sipendekezi. Kipande cha manila nyeusi nacho ni cha thamani: kikiwekwa pembeni ya jahazi jeupe huchora ukingo mweusi unaolitenga na mandhari nyeupe.

Mandhari yenyewe iwe ya kijivu au buluu iliyofifia. Nyeupe huvutia kwa macho lakini hurudisha mwanga kutoka kila upande na kuharibu kazi yote ya hatua ya nne. Mkeka wa rangi nyingi chini ya jahazi unapendeza sebuleni, kwenye picha unashindana nalo.

Hatua ya 6: Ukilazimika kununua taa

Wengi hupiga picha usiku kwa sababu mchana kuna kazi nyingine. Umeme wa Pemba unatoka Tanga tangu 2010 kwa waya uliopita chini ya bahari, na taa ya LED ya kawaida haiutaabishi. Swali ni ipi.

Soma boksi. Tafuta alama ya CRI. Ni kipimo cha uaminifu wa taa kwa rangi, na kilele chake ni 100. Balbu za kawaida hutengenezwa kwa 80 hivi, na hiyo haitoshi. Tafuta 90 au zaidi, ikiwezekana 95. Kipimo hiki kina hila yake: hukokotolewa kwa rangi nane zilizofifia, na nyekundu iliyokolea haimo. Nyekundu hiyo hupimwa peke yake kwa jina la R9, na taa rahisi nyingi huanguka hapo. Ndiyo maana nyekundu ya kijahazi inageuka kahawia chini ya balbu inayoangaza vizuri kila kitu kingine. Kama boksi halitaji R9, chukua kipande cha mbao ulichokipaka nyekundu, nenda nacho dukani, kiwashie taa, halafu kitazame mlangoni kwenye mwanga wa mchana. Muuzaji atakushangaa. Mwache ashangae.

Kisha tazama joto la rangi, linaloandikwa kwa K. 2700 ni ya manjano, nuru ya balbu za zamani. 6500 ni ya buluu, na ndiyo balbu nyeupe iliyojaa madukani. Jua la mchana liko karibu na 5500. Chukua kati ya 5000 na 5600. Ukikosa, usihangaike sana: joto la rangi linarekebishika kwenye simu, CRI mbovu hairekebishiki kwa programu yoyote, kwa sababu rangi ambayo taa haikuitoa hakuna cha kuirudisha.

Tatu, mtetemo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa duni huzimika na kuwaka mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Simu huona: mistari myeusi inapita kwenye kioo. Itazame taa kupitia kamera ya simu kabla ya kulipa. Ukiona mistari inayotembea, irudishe.

Mwisho, umbo. Taa ya duara wanayotumia watengeneza video za mitandaoni ndiyo inayouzwa kwa wingi, na kwa uso wa binadamu ni sawa. Kwa rangi ya mafuta itakuchorea pete nyeupe ubavuni na kila mtu atajua umetumia taa gani. Kama unayo tayari, igeuzie ukutani penye rangi nyeupe, au iweke nyuma ya melimeli, pete itapotea. Taa bapa ya mstatili yenye betri ni chaguo bora, maana umeme ukikatika kazi inaendelea. Balbu moja ya CRI 95 kwenye holda ya kawaida, nyuma ya melimeli, inatoa picha ileile kwa fedha kidogo. Balbu ya zamani inayotoa joto usiiweke karibu na kitambaa, itaunguza.

Nunua moja. Taa tatu rahisi huleta vivuli vitatu, na jahazi lenye vivuli vitatu linatangaza kwamba liko juu ya meza. Baharini jua ni moja.

Kuhusu umbali: kwa taa ndogo, ukizidisha umbali mara mbili nuru hubaki robo. Taa ikiwa sentimita 20 kutoka omo na sentimita 50 kutoka tezi, omo inapata nuru zaidi ya mara sita ya tezi, na hakuna simu itakayozipatanisha. Isogeze hadi mita moja kutoka omo, tofauti inakuwa chini ya mara mbili. Ukiisogeza mbali kumbuka kitambaa kibaki karibu na kiwe kikubwa.

Hatua ya 7: Zima taa nyingine zote

Balbu ya dari izimwe. Televisheni izimwe. Usiku funga dirisha kama taa ya barabara inaingia. Mchana ukitumia dirisha, usiwashe taa kusaidia. Rangi mbili za nuru kwenye ubavu mmoja ni kosa lisilofutika. Na flashi ya simu ifungwe moja kwa moja. Iko sentimita moja kutoka kwenye lenzi, hivyo mng'ao wote unarudi ndani yake.

Hatua ya 8: Simu

Futa lenzi. Mikono iliyoshika vanishi huacha ukungu, na watu huulaumu mwanga.

Rudi nyuma hatua moja na utumie ukuzaji wa mara mbili, badala ya kuisogeza simu puani mwa jahazi. Ukiwa karibu mno, simu hutupa kivuli chake, omo inavimba, na tezi inakosa umakini. Iegemeze simu kwenye stendi, kopo la rangi au rundo la vitabu, uweke kihesabu cha sekunde mbili. Gusa ubavu kwenye kioo na ushikilie mpaka simu ifunge umakini na mwanga. Kisha telezesha mwangaza chini mpaka uone nyuzi za tanga. Tanga jeupe likipotea halirudi, lakini ubavu mweusi kidogo unaweza kuinuliwa baadaye. Mwenye simu inayoruhusu kuchagua kasi ya shata, chini ya taa ya umeme atumie 1/50 au 1/100, itapatana na umeme wetu.

Picha ya kwanza ya kila kikao iwe na karatasi ya kijivu au kadi nyeupe isiyong'aa kando ya jahazi, chini ya nuru ileile. Programu ya bure kama Snapseed ina kitone cha kugusia kadi hiyo na kusawazisha rangi, halafu marekebisho yaleyale unayatumia kwa picha zinazofuata. Ukitoka hapo, achana na vichujio. Mteja aliyeona buluu iliyoongezwa chumvi atarudisha mzigo kwa boti inayofuata.

Hatua ya 9: Tuma

WhatsApp hubana picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, na kinachoondoka kwanza ni nyuzi za tanga na kamba ulizohangaikia. Mtumie mteja picha kama faili la waraka, si kama picha. Tuma nne: ubavu mzima, omo kwa karibu, sitaha kutoka juu, na moja yenye mkono ulioshika jahazi ili ukubwa ujulikane. Andika urefu kwa sentimita, aina ya mbao na aina ya rangi. Na mwambie kama picha ilipigwa dirishani au chini ya taa, kwa sababu nyekundu atakayoiona Maskati chini ya balbu ya nyumbani kwake itategemea pia balbu hiyo.